Baybars: Mtumwa Aliyerudishwa Sokoni Akawa Sultani

 

Kila ifikapo Ramadhan twakumbushwa vita vya Badr, na ni haki yake. Lakini iko siku nyingine ya mwezi huu ambayo vijana wetu wengi hawaisikii, madrasa wala shuleni. Nayo ni tarehe 25 Ramadhan mwaka 658 Hijria, sawa na 3 Septemba 1260, katika bonde la Ain Jalut huko Palestina. Siku hiyo lilivunjwa jeshi la Wamongoli, watu ambao miaka miwili nyuma walikuwa wameiteketeza Baghdad na kumuua khalifa wake. Aliyeongoza kikosi cha mbele cha Waislamu alikuwa mtu ambaye, si zamani sana, alisimamishwa sokoni Damascus akauzwa kama mbuzi. Jina lake Baybars.

Tumemchagua kwa sababu nyingine pia. Siku hizi vijana wetu, wa kiume na wa kike, wanakwenda karate, taikondo na masumbwi, na wazazi wamegawanyika. Wako wasemao mtoto atatoka huko mjeuri, na wako wasemao atatoka na adabu na uwezo wa kuongoza wenzake. Maisha ya Baybars hayampi ushindi wa bure yeyote kati yao, ndiyo maana yafaa kusomwa nyumbani, mzee na mtoto pamoja.

Doa jeupe jichoni

Alizaliwa katika miaka ya 1220 miongoni mwa Wakipchak, Waturuki wafugaji waliokaa kwenye mbuga za kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Walikuwa watu wa farasi na upinde. Wamongoli walipozishukia mbuga zile, watu walitawanyika, na wengi walioponea chupuchupu walishikwa wakauzwa. Baybars alikuwa mmoja wao, akafikishwa Sham angali kijana.

Wanahistoria wa Kiarabu wametuachia sura yake: mrefu, rangi ya maji ya kunde, macho ya buluu, na kwenye jicho moja doa jeupe. Huko Damascus alinunuliwa kwa dirhamu 800, kisha mnunuzi alipoliona lile doa akamrudisha, kama mtu arudishavyo birika lenye ufa. Hebu fikiria. Kijana hana baba wala mama karibu, lugha ya watu haijui, na hata bei aliyotiwa watu wameijutia.

Mwisho akachukuliwa na amiri mmoja aitwaye Aydakin, ambaye cheo chake kilikuwa al-Bunduqdar, yaani mshika upinde wa kurushia vijiwe. (Ndiyo, asili yake ni moja na neno letu bunduki.) Kwa sababu hiyo Baybars akajulikana maisha yake yote kama al-Bunduqdari. Aydakin alipokosana na Sultani wa Misri, al-Salih Ayyub, mjukuu wa ndugu yake Salahuddin, alinyang'anywa watumwa wake, na Baybars akapelekwa Cairo.

Watu wa namna yake waliitwa mamluk, mwenye kumilikiwa. Sisi kwa Kiswahili tumelichukua neno hilo tukaliharibia jina, maana mamluki kwetu ni askari wa kukodi, mwenye kuuza upanga wake kwa yeyote anayelipa. Mamluk wa Misri hakuwa hivyo. Alinunuliwa akiwa mdogo, akasomeshwa, akafunzwa silaha miaka na miaka, na alipohitimu alipewa hati ya uhuru wake pamoja na farasi na silaha. Tangu hapo alikuwa mtu huru na askari, na mlango wa vyeo uko wazi mbele yake. Haimaanishi utumwa ulikuwa jambo jema. Wale watoto waliibwa kwa mama zao, na hilo halina la kupamba.

Shule ya kisiwani

Sultani al-Salih aliwaweka mamluk wake kwenye ngome ya kisiwa cha Rawda, katikati ya mto Nile. Watu wa Cairo huuita Nile bahr, bahari, na kwa hiyo kikosi kile kikaitwa Bahriyya.

Walichofunzwa kiliitwa furusiyya. Ukisikiliza vizuri utasikia farasi ndani ya neno hilo, lakini maana yake ilikuwa pana: kupanda farasi, mkuki, upinde, upanga, mieleka, na pamoja na hayo tabia ya mpanda farasi. Al-Maqrizi, mwanahistoria wa Cairo aliyefariki mwaka 1442, ameeleza jinsi kambi za mamluk zilivyoendeshwa katika zama zao bora. Mtoto alipoingia hakupewa upanga. Alipewa mwalimu wa dini, akafunzwa Qur'ani, kuandika, sheria na sala. Silaha zilikuja baadaye, alipobaleghe, na hapo alikabidhiwa mwalimu mwingine.

Sasa tazama mafunzo yenyewe, kwa sababu hapa ndipo penye siri. Vitabu vya furusiyya vilivyoandikwa zama za Wamamluk vimetufikia, na vinaeleza hatua kwa hatua. Mwanafunzi haanzi na farasi wa kweli. Anaanza na farasi wa sanamu, wa mbao au udongo. Anajifunza kumrukia bila tandiko, tena na tena, kisha na tandiko, kisha akiwa amevaa deraya na kubeba silaha. Upinde vilevile: anaanza na ule laini, na hapewi mgumu mpaka mkono wake umekubali. Kwa upanga alisimama mbele ya rundo la udongo akalikata, mamia ya mara, siku baada ya siku. Hakuna kupigana na mtu. Ni wewe na udongo wako.

Halafu lilikuja zoezi ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote. Alitandikiwa karatasi nyingi, moja juu ya nyingine, akaamrishwa akate idadi fulani tu. Akiambiwa tano, zikatwe tano. Ya sita isiguswe. Mtu yeyote mwenye kifua aweza kupiga kwa nguvu zake zote. Kuipima nguvu ikiwa tayari imeshatoka begani, na kuisimamisha pale ulipokusudia, ndiko kulikohitaji miaka.

Waliokuzwa chini ya bwana mmoja waliitana khushdash, ndugu wa kambi moja. Walikula pamoja, walianguka kwenye farasi pamoja, walifunga vidonda vyao pamoja. Hawakuwa na ukoo wala kabila la kuwapa cheo. Aliyepanda alipanda kwa sababu wenzake walimwona uwanjani kila siku na walijua uzito wake. Uongozi wa namna hii si wa kupigiwa kura wala wa kurithi, na hauna pa kujificha, maana mbele ya watu waliokuona ukianguka mara mia huwezi kujifanya.

Mtihani wa Mansura

Mwaka 1249 mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa alishuka Misri na jeshi la Vita vya Msalaba. Sultani al-Salih alikuwa mgonjwa, na mwezi Novemba akafariki. Mkewe, Shajar al-Durr, aliyewahi kuwa mtumwa yeye pia, aliificha habari ya kifo ili jeshi lisivunjike moyo. Mama huyu naye anastahili makala yake.

Tarehe 8 Februari 1250 ndugu wa mfalme, Robert wa Artois, alivuka maji na wapanda farasi wake akaishambulia kambi ya Waislamu ghafla. Jemadari mkuu, Fakhr al-Din, aliuawa. Wafaransa wakaingia mbio mpaka ndani ya mji wa Mansura, wakidhani kazi imekwisha. Ndani ya vichochoro walikutana na Bahriyya, na Baybars alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Farasi wakubwa wenye deraya hawana maana katika uchochoro. Robert aliuawa humo na wengi wa watu wake, na miezi miwili baadaye mfalme mwenyewe alitekwa. Jemadari amekufa, sultani amekufa, na bado kikosi hakikukimbia. Kila mmoja alijua mahali pake bila kungoja amri, na hapo ndipo yale mazoezi ya kisiwani yalipoonekana.

Lakini mwaka huohuo, mwezi Mei, Bahriyya walimuua sultani mpya, Turanshah, mtoto wa bwana wao, na Baybars alikuwamo. Turanshah aliwadharau na kuwatisha, ni kweli. Hata hivyo damu yake ilimwagika kwa mikono ya watu ambao baba yake ndiye aliyewapa uhuru.

Mwaka 1254 zamu ikawageukia. Kiongozi wao Aqtay aliuawa Cairo kwa amri ya mtawala Aybak, na mamia ya Bahriyya wakatoroka usiku kwenda Sham. Kwa miaka sita Baybars alitangatanga kutoka mtawala hadi mtawala, Damascus na Karak, akijaribu kuirudia Misri kwa nguvu na kushindwa. Jeshi hana, kipato hana uhakika nacho, na bado wenzake walimfuata.

Ain Jalut

Baghdad ilianguka Februari 1258. Mwanzoni mwa 1260 ikaanguka Halab, na mwezi Machi Damascus ikafunguliwa bila vita. Mtawala wa Misri wakati huo alikuwa Qutuz, naye ni mmoja wa wale waliotajwa katika kifo cha Aqtay. Kwa hiyo baina yake na Baybars palikuwa na damu. Pamoja na hayo Baybars aliandika kuomba amani, na Qutuz akampokea kwa heshima akampa ardhi ya Qalyub. Hapa wote wawili walizuia mkono.

Hulegu, kiongozi wa Wamongoli, alikuwa amerudi mashariki na sehemu kubwa ya jeshi baada ya kifo cha kaka yake, Khan mkuu Mongke. Sham alimwachia jemadari Kitbuqa. Qutuz hakungoja kufuatwa Cairo, bali alitoka kumfuata, na Baybars akatangulia na kikosi cha mbele. Yeye ndiye aliyewagusa Wamongoli kwanza na kuwashughulisha mpaka jeshi kubwa likafika. Kazi ya kikosi cha mbele ni ngumu kwa sababu hukuletwa ushinde. Umeletwa upige, urudi, upige tena, uvumilie kuonekana unakimbia, na usiruhusu watu wako wakimbie kweli. Ni zile karatasi tano, ila safari hii karatasi ni watu.

Wamongoli walipigana kwelikweli. Wakati mmoja ubavu wa kushoto wa Waislamu ulivunjika, na Qutuz akaivua kofia yake ya chuma, watu wamwone uso, akawaita kwa sauti akaingia mwenyewe. Kitbuqa aliuawa na jeshi lake likatawanyika. Baybars ndiye aliyewafuatia waliokimbia kuelekea kaskazini. Siku chache baadaye Damascus ilikuwa mikononi mwa Waislamu tena, Ramadhan haijamalizika au ndiyo kwanza inamalizika.

Siku ya mawindo

Laiti kisa kingeishia hapo tungekiandika kwa furaha tu. Baybars alitaka kupewa utawala wa Halab. Qutuz hakumpa. Mwezi Oktoba 1260, wakiwa njiani kurudi Cairo, Qutuz alitoka kuwinda karibu na Salihiyya. Baybars na amiri kadhaa wakaandamana naye. Inasimuliwa kwamba Baybars alimwomba jambo, Qutuz akamkubalia, na Baybars akaushika mkono wa sultani kana kwamba anaubusu kwa shukrani. Hiyo ndiyo iliyokuwa ishara. Wakampiga kwa panga na mishale.

Waliporudi kambini, mkuu mmoja wa jeshi aliuliza ni nani aliyemuua sultani. Baybars akasema ni yeye. Basi akaambiwa akae kwenye kiti.

Baadhi ya waandishi hupita hapa haraka, au hutafuta udhuru: kisasi cha Aqtay, ahadi iliyovunjwa, desturi za zama zile. Udhuru upo. Lakini mtu aliyefunzwa kusimamisha upanga kwenye karatasi ya tano alishindwa kuusimamisha mbele ya cheo alichonyimwa. Aliyeuawa alikuwa amemsamehe na kumlisha, na hazikupita wiki nane tangu wapigane bega kwa bega. Mzazi anayehofia kwamba mazoezi ya vita peke yake hayamtengenezi mtoto ana hoja yake hapa, wala hatutaki kumnyamazisha.

Sultani uwanjani

Alitawala miaka 17, mpaka 1277, na alipoketi alifanya kazi ambayo hata maadui zake waliikubali. Mwaka 1261 alimweka mtu wa ukoo wa Abbasi kuwa khalifa Cairo, baada ya Waislamu kukaa bila khalifa tangu Baghdad. Mwaka 1265 aliweka makadhi wakuu wanne, mmoja kwa kila madhehebu, ili Mshafii asilazimishwe hukumu ya Mhanafi wala Mmaliki ya Mhanbali. Alipanga posta ya farasi wenye vituo njiani, barua ikawa inatoka Cairo na kufika Damascus kwa siku 4. Mwaka 1269 alikwenda Hijja kimyakimya na watu wachache, huku wengi wakidhani yuko Sham.

Ila jambo linalotuhusu zaidi ni hili. Sultani yule, mwenye kila sababu ya kukaa juu ya mto na kupepewa, hakuacha mazoezi. Mwaka 1267 alijenga uwanja nje ya Cairo, ukaitwa uwanja wa qabaq. Qabaq ni shabaha inayowekwa juu ya mlingoti mrefu, na mpanda farasi huipiga mshale huku farasi anakwenda mbio. Al-Maqrizi anaeleza kwamba Baybars alikuwa akifika pale adhuhuri na haondoki mpaka wakati wa isha, akipiga mishale mwenyewe na kuwahimiza watu. Amiri aliyelenga alipewa farasi, mamluk wa kawaida alipewa vazi la heshima. Baada ya muda mji mzima ukashikwa na hamu ya mkuki na mshale. Hakutoa hotuba juu ya umuhimu wa mazoezi. Alikuja, jua kali, akavaa, akatoka jasho mbele yao.

Na vitani ikawa hivyohivyo. Alipozizingira ngome za Kaisaria na Arsuf mwaka 1265, waandishi wa zama zake wanasema alichimba mitaro pamoja na askari, akavuta kamba za mitambo ya kurusha mawe na kubeba mawe. Kiongozi wa chama chochote cha vijana, hata cha kufagia msikiti, anajua tofauti ya kusema fagieni na kushika fagio.

Ukali wake nao usifichwe. Ngome ya Safad iliposalimu amri mwaka 1266, askari waliojisalimisha waliuawa. Antiokia ilipotekwa mwaka 1268 maelfu waliuawa au kufanywa watumwa, wakiwemo watu wasiobeba silaha. Dini yetu ina mipaka ya wazi katika vita juu ya wanawake, watoto na wenye kusalimu amri, na ushindi hauifuti. Yeye aliyeuzwa utotoni alijaza masoko kwa watoto wa wengine.

Alifariki Damascus katikati ya mwaka 1277, mwanzoni mwa mwaka 676 Hijria, baada ya kunywa kumis, maziwa ya farasi yaliyochachushwa, kinywaji cha mbuga alikozaliwa. Huyu ndiye sultani aliyewahi kufunga nyumba za mvinyo na kumwaga vileo vya watu. Alizikwa hapohapo Damascus, katika madrasa ya Zahiriyya, iliyokuja kuwa maktaba mashuhuri. Kwa karne nyingi wasimuliaji wa Cairo na Damascus walikaa kwenye mikahawa usiku, hasa nyusiku za Ramadhan, wakihadithia kisa chake kirefu chenye majini na wachawi ambao yeye mwenyewe asingewajua.

Cairo uko msikiti wake, uliojengwa kati ya 1267 na 1269. Mahali alipopachagua palikuwa uwanja wake wa kuchezea mpira wa farasi, uwanja wa Qaraqush. Aliutoa, akaamrisha ujengwe msikiti juu yake, na mbao na marumaru zikaletwa kutoka ngome ya Jaffa. Umepitia mengi, hata jeshi la Napoleon liliwahi kuufanya ngome. Baada ya ukarabati wa miaka mingi ulifunguliwa tena mwezi Juni 2023, na watu wakarudi kusali humo.